Nusu ya Kidonge cha Mzee Chediel

Kijiwe chetu hapa Nduguti kina sheria moja: ukija na kitu, kinakatwa. Kashata inakatwa, andazi linakatwa, sigara ikifika katikati inahamia mdomo mwingine, na gazeti la juzi tunalichana, huyu asome mpira, yule asome matangazo ya vifo. Anayekula peke yake haambiwi neno, anaangaliwa tu mpaka kinamkwama kooni. Mimi ni Gaspari, nashona viatu kwenye kibanda kilicho nyuma ya benchi, wenyewe wananiita Gundi. Kahawa ni ya Isaka, ambaye tunamwita Bunge kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye kuchangia. Kuna Bonifasi, kijana anayefunga umeme kwenye nyumba za watu, huyo ni Fyuzi. Halafu wazee wetu wawili, Chediel mwenye mashine ya kukamua alizeti, ambaye siku za furaha tunamwita Mashudu, na shemeji yake Peniel, mnunuzi wa kuku wa kienyeji, tunamwita Kidari. Siku ninayoisimulia haikuwa ya furaha. Nikiwatukana humu ndani mniwie radhi, maana mpaka leo sijaisahau.

Ilikuwa asubuhi ya gulio, upepo unavuruga vumbi. Mzee Peniel akaja mikono mitupu. Siku ya gulio, mzee Peniel bila kuku! Hata tenga hana. Akashika benchi kwanza, akaliegemea, ndipo akakaa.

Mimi: Shikamoo, mzee Peniel.

Akaniangalia. Nikavuta uzi, nikafunga fundo, nikaukata, ndipo akajibu.

Peniel: Marahaba.

Bunge: Vipi mzee wangu, kuku wamegoma leo?

Peniel: Nimewaacha nyumbani. Njia imekuwa ndefu.

Fyuzi: Ndefu vipi tena, kwani wameivuta?

Peniel: Nikitembea kidogo naona giza. Linakuja kwa pembeni, nasimama, linaondoka.

Usoni alikuwa na jasho, na upepo wenyewe ulikuwa wa kuvalia sweta. Nikaweka kiatu chini. Mzee Chediel alikuwa anapuliza kahawa yake, akaacha.

Chediel: Shemeji. Umemeza?

Peniel: Nimemeza.

Chediel: Nusu?

Peniel akafuta jasho.

Chediel: Shemeji, nakuuliza wewe. Nusu?

Peniel: Jana usiku moyo uliruka tena. Nikaogopa. Nikameza viwili vizima. Na asubuhi hii kimoja.

Hapa lazima niwaeleze, msije mkapotea. Mwaka jana mzee Chediel akiwa kwenye mashine yake moyo ulianza kumkimbia, tena bila mpangilio, unapiga haraka haraka, unanyamaza, unatetemeka kama kuku aliyekamatwa. Wakampeleka Dodoma, akabandikwa nyaya kifuani, mashine ikachora milima na mabonde kwenye karatasi, akapewa vidonge vya kutuliza mapigo. Akapata nafuu, akarudi kwenye alizeti zake. Basi mnada uliopita mzee Peniel akasema hapa kijiweni kuwa na yeye wake unaruka, kama mtu anayekosea ngazi. Mzee Chediel hakuuliza mara mbili. Akatoa kidonge, akakivunja kwa meno, nusu akameza, nusu akampa shemeji yake. Bunge akawamiminia kahawa ya kushushia. Tukawasifu wote wawili, tukasema hao ndio mashemeji. Jumapili yake mzee Chediel akaona usumbufu wa meno wa nini, akaikata paketi yenyewe katikati kwa mkasi, akamkabidhi mwenzake upande wake.

Bunge: Vitatu si vingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kibaba cha nini, Bunge? Hiyo ni dawa ya moyo, si unga!

Bunge: Usinifokee. Nasema dawa ni ileile, ugonjwa ni uleule. Huyu moyo, yule moyo. Itamdhuru vipi?

Fyuzi: Subirini kwanza. Mzee Chediel, daktari alikwambiaje hasa? Tuanzie kwenye mchoro.

Chediel: Aliniambia moyo una umeme wake wenyewe.

Fyuzi: Ehee! Mnaona?

Chediel: Kuna mahali pa juu huko ndipo panapowasha. Umeme unashuka ndani ya nyama ya moyo, ukipita nyama inajikunja, hilo ndilo pigo. Na umeme wenyewe ni chumvichumvi za mwilini, zinaingia na kutoka kwenye nyama kwa vimilango vidogo usivyoweza kuviona. Wangu mimi umeme unapotea njia, unazunguka humohumo, ndiyo maana moyo unahangaika. Kidonge kinabana vile vimilango. Umeme unapunguza mbio, unarudi njiani.

Fyuzi: Basi hiyo naielewa kuliko nyie wote. Laini ya mzee Chediel ina umeme unaozagaa, kidonge kinaubana, nyumba inatulia. Sasa laini ya mzee Peniel, kama tangu mwanzo ulikuwa unapita kidogo, halafu na huo kidogo ukaubana...

Akanyamaza hapohapo. Kijana alikuwa amesema kweli bila kukusudia, na sote tuliielewa, nakuapieni. Mzee Peniel alikuwa anatazama mdomo wa Fyuzi, anangoja amalizie.

Bunge: Ukiubana unajikusanya! Kama maji ya bomba. Unafunga usiku, asubuhi unafungua yanatoka kwa nguvu. Anajikusanya tu huyu.

Fyuzi: Eee. Inawezekana. Unajikusanya.

Mimi: Twende hospitali.

Mzee Peniel akanishika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi.

Peniel: Usinipeleke, Gaspari. Kaka yangu Leonidas alikwenda kwa miguu yake, anatania watu njiani. Tulimrudisha amefunikwa.

Mimi: Ule ulikuwa ugonjwa mwingine, mzee.

Peniel: Wote ulikuwa ugonjwa.

Bunge: Na msisahau jambo lingine. Mkifika pale wataandika. Nani kampa dawa? Chediel. Ana leseni? Hana. Wazee, hiyo ni kesi ya sumu! Kuna jamaa huko alimpa jirani yake dawa ya ng'ombe, wakampiga miaka thelathini.

Mimi: Huko wapi?

Bunge: Huko huko. Nimesikia.

Hicho ndicho kilichotufunga miguu, huyo jamaa wa Bunge asiye na jina wala kijiji. Mzee Chediel akaweka kikombe chini. Mtu ana nywele nyeupe, ana wajukuu, anasali mbele kanisani, na sasa anamwona polisi kila anakogeuka.

Chediel: Dada yake huyu ndiye mke wangu. Nitamwambiaje? Nimemuua kaka yako kwa kumpenda?

Bunge: Ndiyo maana nasema tukae kimya. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mimi: Mtungi gani, wewe! Mtu anakufa hapa!

Nikajuta palepale, maana mzee Peniel alilisikia hilo neno. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Fyuzi: Hebu kwanza tupime. Fundi hafanyi kazi bila kupima.

Nikadhani sasa kijana amepata akili. Nikamshika mzee kwenye kifundo cha mkono nisikie mapigo. Likapiga moja. Nikangoja. Nikafikiri nimepoteza mahali, nikasogeza kidole. Nikangoja tena. Likapiga. Watu wangu, katikati ya pigo na pigo ungeweza kumsalimia mtu na akakujibu.

Mimi: Ni ya mbali sana. Yanachelewa.

Bunge: Lete nione. Wewe vidole vyako vimekufa kwa gundi.

Akamshika mkono wa pili kwa dole gumba, akafumba macho.

Bunge: Mbona yanakwenda vizuri tu! Tena haraka. Pu, pu, pu, pu!

Mimi: Hayo ni ya dole gumba lako! Unajipima mwenyewe, mjinga wewe!

Bunge akaachia ule mkono, akajishika kifuani. Na yeye akaanza kutoka jasho.

Fyuzi: Si mnabishana bure? Testa ninayo.

Akachomoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa ndani ambayo fundi anagusisha waya kuona kama una moto. Nilitegemea anatania. Hakuwa anatania. Akamfungua mzee vifungo vya shati, akamgusisha ile testa kifuani, upande wa kushoto, akaweka kidole juu ya kichwa cha testa kama anavyofanya kwenye soketi. Sote tukainama kutazama.

Fyuzi: Haiwaki.

Akairudisha tena palepale.

Fyuzi: Wazee, haiwaki. Umeme haupo.

Mzee Chediel akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Mzee Peniel mwenyewe akainamisha kichwa, akatazama kile kitaa kwenye kifua chake.

Mimi: Fyuzi, mguse Bunge.

Bunge: Usiniguse!

Mimi: Mguse!

Akamgusa. Haikuwaka.

Bunge: Mungu wangu. Na mimi?

Mimi: Haitawaka kwa mtu yeyote, mapunguani nyie! Huo wa moyo ni umeme mdogo, si wa nguzo! Rudisha hicho kidude chako mfukoni.

Mngedhani hapo wangeaibika tukaondoka. Wapi! Mtu akiogopa hatafuti ukweli, anatafuta cha kufanya. Bunge alishafungua kopo.

Bunge: Chumvi! Daktari kasema chumvi zinapita kwenye vimilango, kidonge kimevibana. Basi tumjaze chumvi nyingi, isukume milango kwa nguvu. Na angekuwa mtu wa karibu na ziwa la chumvi kule Singida mjini saa hizi angeshapona kwa hewa tu.

Fyuzi: Kuna pointi hapo.

Bunge: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kunywa, mzee.

Akamkorogea vijiko vya chumvi kwenye maji ya moto. Mzee Peniel akanywa, kwa heshima tu, kwa sababu kijiweni ukipewa unapokea. Funda la pili likarudi lote, kwenye shati na kwenye magoti. Nikamfuta kwa kitambaa changu cha kung'arishia viatu. Alikuwa ananiomba radhi, eti amechafua.

Fyuzi: Ngojeni. Tatizo ni ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Nyumba isiyo na ethi umeme hautulii. Huyu amevaa soli za mpira! Tangu asubuhi hana mawasiliano na ardhi.

Mimi: Soli nimeziweka mimi.

Fyuzi: Ndiyo nasema!

Akamvua mzee viatu. Akamwaga chini maji ya kuoshea vikombe, akamkanyagisha tope. Mzee wa watu, miguu ndani ya tope la baridi, shati wazi, kifua kimeloa, anatetemeka. Simu yake ikaanza kuita mfukoni. Bunge akaichomoa, tukaona jina la mkewe, Elina. Ikaita, ikaita. Tukaangaliana, nani apokee. Mzee Chediel ndiye aliyekuwa karibu, akaichukua mkononi mwa Bunge, akaiangalia mpaka ikakata.

Bunge: Yenyewe hii ndiyo mchawi. Simu inakaa mfuko wa kushoto kila siku, pale pale penye moyo. Inachaji kutoka kwake! Mnafikiri kwa nini chaji ya mzee Peniel haiishi?

Hakuna aliyecheka, na siku nyingine kwa hilo tungedondoka kwenye benchi. Mzee Peniel akamgeukia shemeji yake, akasema naye Kinyiramba, taratibu, anapumzika kati ya neno na neno. Hapa kijiweni tunaongea Kiswahili, lugha ya nyumbani tunaiacha nyumbani. Alipoanza Kinyiramba nikajua hayuko na sisi tena, yuko nyumbani. Alikuwa anamwelekeza mitetea ipi iuzwe kwanza, na ile myeupe waachiwe watoto wa Damari, binti yake, isichinjwe matangani.

Chediel: Nyamaza, shemeji. Nyamaza bwana, utawauza mwenyewe.

Machozi yakawa yanamtoka, hayafuti.

Fyuzi alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akainama, nikasikia spana. Aliporudi alikuwa amebeba betri, na nyaya mbili amezimenya ncha.

Mimi: Hiyo ya nini?

Fyuzi: Nimeona kwenye muvi. Mtu moyo umezima, wanamshtua hapa na hapa, anaamka anauliza maji.

Mimi: Wale ni madaktari!

Fyuzi: Pikipiki ikizima si tunaibusti kwa betri nyingine? Umeme wake umepungua, tunamwongezea.

Bunge: Dawa ya moto ni moto.

Chediel: Itamuuma?

Mimi: Mzee Chediel! Na wewe unauliza itamuuma?

Nikashika nyundo yangu ya viatu. Nikasimama mbele ya mzee Peniel.

Mimi: Atakayegusa kifua hiki kwa waya nampasua kichwa. Sitanii.

Fyuzi alikuwa analia. Kijana mkubwa vile, nyaya mkononi, kamasi zinamtoka.

Fyuzi: Sasa tufanyeje, Gundi? Sema wewe basi! Tukimpeleka mzee Chediel anafungwa, tukikaa huyu anakwisha! Sema!

Nikafungua mdomo nisikie nitasema nini. Niliogopa polisi, nikaogopa ile baridi ya vidole vya mzee, nikaogopa kumwambia mama Elina. Nilibaki nimeshika nyundo.

Sauti ya kike ikatoka nyuma yetu.

— Hodi hapa. Shikamooni, wazee.

Alikuwa mama kijana, amefunga kanga kiunoni, vumbi la safari hadi kwenye kope, madumu mawili ya asali miguuni. Bunge, na hofu yote ile, mdomo wake ukaenda wenyewe.

Bunge: Karibu dada, mgeni njoo mwenyeji apone. Watokea wapi?

Mama: Mitundu. Nimekuja kwa mdogo wangu, amejifungua.

Chediel: Marahaba, mwanangu.

Yule mama alikuwa bado amesimama, anangoja. Akamgeukia mzee Peniel.

Mama: Shikamoo, baba.

Mzee Peniel alikuwa ameegemea ukuta wa kibanda, macho nusu. Hakujibu. Kwetu huku mzee haachi shikamoo ya mtoto wa watu ikaanguka chini, hata awe amekasirika namna gani. Yule mama akachuchumaa pale kwenye tope, akamsogelea.

Mama: Baba. Shikamoo.

Midomo ikacheza. Sauti haikutoka.

Akasimama. Akaiona ile betri. Akaona miguu, shati, matapishi, na nyundo yangu. Hakuuliza habari ya kitu chochote katika hivyo.

Mama: Samahanini. Nilikuwa naulizia hospitali.

Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja, wa Fyuzi na waya wake, wa Bunge na kijiko cha chumvi, na wangu. Ng'ambo ya barabara. Geti la kijani, liko wazi, na mlangoni kuna mtu anafagia. Tulikuwa tunasikia ufagio.

Yule mama akatazama tulikoonyesha. Akamtazama mzee Peniel. Akatutazama sisi.

Mama: Sasa huyu anasubiri nini hapa?

Bunge akafungua mdomo. Akaufunga. Nimemjua Isaka tangu anaanza kuuza kahawa, na sijawahi kuona hivyo. Fyuzi akaweka betri chini. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mkono kuelekea getini, nimesahau kuushusha. Aliyejibu ni mzee Peniel, kwa sauti ndogo, ya mtu aliye mbali.

Peniel: Naogopa.

Mama: Hata mimi ningeogopa, baba. Basi ukaogopee kulekule.

Mzee Chediel akanyanyuka. Sijui alitoa wapi nguvu. Akamlaza shemeji yake juu ya benchi, akavua koti akamfunika kifua, akashika benchi upande wa kichwani.

Chediel: Shikeni.

Mimi: Mzee, moyo wako na wewe. Acha vijana tubebe.

Chediel: Shika, Gaspari!

Tukashika. Tukalinyanyua benchi na mtu wake, mimi na mzee Chediel mbele, Bunge na Fyuzi nyuma. Yule mama akakamata kichwa kisiyumbe, madumu yake kayaacha barabarani, hakugeuka kuyaangalia. Bodaboda ikafunga breki, dereva akatutukana, akaona tulichobeba, akanyamaza. Mzee Peniel miguu ilikuwa inaning'inia, na tope. Mzee Chediel alikuwa anahema kwa kukoroma, na mimi kila hatua nilikuwa nasema moyoni, huyu asianguke, Mungu wangu, huyu naye asianguke.

Getini walikaa wagonjwa foleni, kina mama na watoto, wazee wa gulio, watu wanaotujua. Muuguzi akatoka mbio. Hakuwa amefungua mdomo bado. Mzee Chediel alianza kupiga kelele tukiwa katikati ya uwanja, sauti ile anayotumia kushinda mashine, wasikie wote waliokaa.

Chediel: Binti! Amemeza dawa zangu! Zangu mimi, za moyo! Nilimpa mimi! Mimi ndiye Chediel, nilimpa mimi!

Muuguzi akaweka vidole shingoni kwa mzee Peniel. Akangoja. Uwanja mzima ukangoja naye. Nilimwona anavyohesabu kwa midomo, na anavyosita katikati ya hesabu.

Muuguzi: Vingapi, mzee?

Chediel: Vitatu. Viwili usiku, kimoja asubuhi. Na nusu nusu kila siku tangu mnada.

Muuguzi: Jina la dawa?

Mzee Chediel akachomoa paketi mfukoni, ile nusu yake aliyoikata kwa mkasi. Muuguzi akaipokea, akaigeuza huku, akaigeuza kule. Jina lilikuwa limebaki kwenye nusu ya mzee Peniel, na hiyo iko nyumbani.

Muuguzi: Piga simu huko nyumbani. Sasa hivi, wasome. Na nyie mleteni ndani, upesi!

Akapaza sauti, daktari akatoka, wakaja wengine na kitanda cha magurudumu. Walimchukua mikononi mwetu bila kuuliza leseni ya mtu. Mlango ukafungwa. Mzee Chediel alibaki na simu ya shemeji yake, vidole vinatafuta jina. Ikaanza kuita. Upande wa pili mama Elina akapokea haraka, simu alikuwa ameishika mkononi.

Chediel: Shemeji, ni mimi. Usilie kwanza. Ingia chumbani kwenu, tafuta kipande cha paketi ya dawa. Ndiyo. Hebu nisomee, herufi moja moja.